Njia za Ashkeloni

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa Mfilisti. Sikuchagua. Kila Desemba watoto wa Shule ya Jumapili kanisani kwetu Tanga walifanya igizo, na mwaka ule mwalimu aliona Krismasi imezoeleka mno, akaamua tuigize Daudi na Goliathi. Nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa langu, kwa hiyo nikafungwa kaniki kiunoni, nikavishwa sufuria kichwani, nikapewa mti wa fagio ndio mkuki. Goliathi alikuwa na maneno yake ya kutukana. Sisi Wafilisti wengine hatukuwa na neno hata moja. Kazi yetu ilikuwa kusimama nyuma yake tumenuna, na akianguka tu, tukimbie tukipiga kelele mpaka nje ya mlango wa pembeni.

Nadhani nilikimbia vizuri, kwa sababu tangu siku ile baba akawa ananiita "binti wa Wafilisti".

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwenye misiba ya vijana alipenda kusoma maombolezo ya Daudi kwa Sauli na Yonathani, 2 Samweli sura ya kwanza. Kila alipofika mstari wa 20, "Msiyahubiri mambo haya katika Gathi, msiyatangaze katika njia za Ashkeloni", nilijua kinachofuata: pale binti za Wafilisti wanapozuiwa wasishangilie. Nilikuwa nainamisha kichwa kama mtu aliyefumwa akicheka msibani. Siku moja nikamuuliza Ashkeloni ni wapi. Akajibu, "Mji wa maadui." Nikauliza hizo njia zake zilikuwa na nini hata habari isitangazwe humo. Akaniangalia juu ya miwani: "Mwanangu, njia ni njia."

Baba alikosea, ingawa ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua hivyo, na yeye hakuwepo tena nimwambie.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "njia" pale ni hutsot, maana yake ya msingi ni mahali pa nje, nje ya nyumba. Neno hilo hilo limetumika 1 Wafalme 20:34, na pale ndipo linapoonyesha meno yake. Ben-hadadi wa Shamu ameshindwa vita, watumishi wake wamekwenda kwa Ahabu mfalme wa Israeli wamejifunga magunia kumwombea roho yake, na katika kumlainisha Ahabu yeye mwenyewe anamwambia: utajifanyia njia katika Dameski, kama baba yangu alivyofanya Samaria. Utotoni nilidhani wafalme hawa wanajengeana barabara. Lakini mtu aliyeshindwa vita hamzawadii mshindi ruhusa ya kupita. Anachompa ni mtaa wa maduka, haki ya kuuza na kununua ndani ya mji wake mkuu. Mwanaakiolojia Mmarekani Lawrence Stager, aliyeanza kuchimba Ashkelon mwaka 1985, aliusoma mstari wa Daudi kwa maana hiyo: msiyatangaze katika masoko ya Ashkeloni. Mama yangu, aliyeuza vitunguu sokoni miaka ishirini na miwili, angeweza kumwambia baba hayo bila Kiebrania. Habari ikishafika sokoni haina mwenyewe.

Katika miji mitano ya Wafilisti inayotajwa 1 Samweli 6:17, yaani Ashdodi, Gaza, Ashkeloni, Gathi na Ekroni, Ashkeloni ndio pekee uliokaa ufukweni kabisa, miguu majini. Magofu yake yako kwenye pwani ya Mediterania, kusini mwa Tel Aviv na kaskazini mwa Gaza, pembeni ya mji wa kisasa wa Israeli wenye jina hilo hilo. Ukitazama picha iliyopigwa kutoka angani unaona upinde: boma la udongo lililopinda kama mwezi mchanga, ncha zake mbili zikigusa bahari, urefu wake unazidi kilomita mbili. Ndani ya upinde huo mna hekta 60 hivi, karibu ekari 150. Kwa zama zile hilo lilikuwa jiji. Chini ya mchanga maji ya kunywa hayako mbali, na ndiyo maana watu walichimba visima hapo zama baada ya zama, hata visima vya enzi moja vikapasua nyumba za enzi nyingine.

Wafilisti hawakuujenga. Hili lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu kichwani mwangu Mfilisti na Ashkeloni walizaliwa siku moja. Mji ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa, miaka mia kadhaa kabla yao, chini ya Wakanaani. Waandishi wa Misri waliuandika katika orodha zao za laana karne ya 19 KK. Lango lake la kaskazini, la matofali mabichi yenye tao juu, ni la mwaka 1850 KK hivi, na ni miongoni mwa malango ya tao ya kale kabisa kujulikana duniani. Nje ya lango hilo, kwenye kijihekalu kidogo kando ya njia ya kwenda baharini, mwaka 1990 wachimbaji walikuta ndama. Urefu wake ni kama sentimita 10, unaweza kumshika kiganjani. Mwili ni bronzi, umefunikwa fedha, naye alikuwa amewekwa ndani ya kibanda chake cha udongo wa kufinyangwa. Ni wa karibu mwaka 1600 KK. Msomaji wa kitabu cha Kutoka anajua ndama amekuja kuleta taabu gani baadaye. Huyu wa Ashkeloni alikaa kwenye kibanda chake, mabaharia wakimpita wakiingia na kutoka.

Hata jina ni la Kikanaani. Wataalamu wengi wanalifunga na shina la sh-q-l, kupima uzito, shina linalotupa shekeli ya Biblia. Kwa Kiarabu shina hilo ni th-q-l, na ndiko sisi tulikopata lile neno la kale la washairi, thakili, lenye uzito. Kwa hiyo ukilivua jina la mji unakuta mizani. Kumbuka hili, tutakutana nalo tena barabarani.

Mfalme mmoja wa mji huu, Yidya, anajulikana kwa barua alizomwandikia Farao karne ya 14 KK, zilizopatikana Amarna huko Misri. Ni barua za mtu anayejua bwana wake ni nani: anajilaza kifudifudi mara saba na mara saba tena, anaahidi chakula na vinywaji kwa majeshi ya Farao. Unyenyekevu huo haukuusaidia mji siku zote. Kwenye jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 KK hivi, lililofukuliwa Thebes mwaka 1896, Ashkeloni umetajwa kati ya waliotekwa. Mistari michache tu kutoka hapo limeandikwa jina Israeli, nalo ndilo andiko la kale zaidi nje ya Biblia linalokubaliwa na wengi kuwa linawataja. Nimeshahubiriwa juu ya jiwe hilo zaidi ya mara moja, na kila mara mhubiri alikimbilia neno Israeli akaliruka Ashkeloni kama dimbwi la maji.

Wafilisti ndio wakaja. Karibu mwaka 1175 KK Ramses wa Tatu alichonga ukutani mwa hekalu lake la Medinet Habu vita vyake na watu waliotoka baharini, na kati yao wako Peleset. Mapambano ya merikebu yamechongwa hapo: watu wamevaa kofia kama za manyoya yaliyosimama, wanapinduka majini. Farao anasema amewashinda. Lakini muda si mrefu Peleset hao ndio wenye nyumba katika pwani ya kusini ya Kanaani.

Walikuja kama majeshi, au kama familia? Udongo wa Ashkeloni umejibu kwa vitu vya jikoni. Ghafla unaonekana ufinyanzi unaofanana na wa Wagiriki wa Mikene, ila umetengenezwa kwa udongo wa hapo hapo. Baadaye ukapata madoido yake, ndege mwenye shingo iliyogeukia mgongoni, amechorwa kwa nyekundu na nyeusi. Wanaonekana watu wanaokula nguruwe kwa wingi kuliko waliowatangulia. Katika sakafu ya nyumba wamekuta vizito vya udongo vya kuning'iniza nyuzi za mtande kwenye kitanda cha mfumi, vimepangana vile vile vilivyoanguka. Wakanaani walivitoboa vizito vyao tundu. Hawa wageni hawakuvitoboa, walizungushia uzi katikati kama ilivyofanywa Kupro na Ugiriki. Askari hasafiri na namna ya mama yake ya kufuma. Aliyekuja na ile namna ni mama mwenyewe.

Mwaka 2019 likaja jibu la vinasaba. Watafiti walipima mabaki ya watu kumi kutoka Ashkeloni, wa enzi tofauti. Miongoni mwao walikuwamo watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba karne ya 12 KK, na ndani ya vichanga hao kulikuwa na asili ya kusini mwa Ulaya ambayo haikuwepo kwa wenyeji wa kabla. Katika watu waliozikwa karne mbili hivi baadaye, asili hiyo haionekani tena. Walioana na majirani. Jina likabaki, damu ikachanganyika, nao waliendelea kuitwa Wafilisti, na kuitwa wasiotahiriwa, kwa miaka mingine mia kadhaa.

Nabii Amosi alikuwa ameshasema nusu ya hayo. Sura ya 9, mstari wa 7, Mungu anawauliza Israeli: ninyi kwangu si kama Wakushi? Sikuwatoa ninyi Misri, na Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri? Kaftori wengi wanaamini ni Krete au sehemu za huko. Sikuwahi kusikia mstari huu ukisomwa kanisani kwetu. Labda ulisomwa siku nilipokuwa naumwa. Lakini uko pale, umetulia: Mungu aliyewatoa Israeli Misri anasema Wafilisti nao walikuwa na safari yao, na aliyewaongoza ni yeye.

Nifungue mabano hapa, kwa sababu najua swali linakuja. Je, Wafilisti wa Biblia ndio Wapalestina wa leo? Jina ni moja, hilo halina ubishi. Peleset wa Wamisri ni Pelishti wa Waebrania. Herodoto, karne ya 5 KK, aliiita pwani ile Palaistine. Warumi baada ya uasi wa Wayahudi wa mwaka 132 hadi 135 wakaliita jimbo zima Syria Palaestina. Waarabu wanasema Filastin. Lakini jina la nchi ni kama kanga, linavaliwa na wengi. Wafilisti kama taifa lenye wafalme na miungu yao walimalizika zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kiarabu kuwa lugha ya pwani ile. Mtu anayemnyooshea Goliathi kidole huku akimsema mtoto wa Gaza amechanganya mafaili, na anayefanya hivyo madhabahuni ana kosa kubwa zaidi. Nafunga mabano.

Mpaka miaka ya karibuni hakuna aliyekuwa amepata makaburi yao ya uhakika. Samsoni aliwaua wengi, Daudi aliwaua wengi, na bado wachimbaji hawakujua walikozikwa. Mwaka 2013, ule msafara wa uchimbaji uliofadhiliwa na Leon Levy na mkewe Shelby White ukiwa unakaribia mwisho wake, walifika nje kidogo ya ukuta wa mji na kukuta makaburi ya karne ya 11 hadi ya 8 KK, watu zaidi ya 200. Walikaa kimya mpaka Julai 2016 ndipo wakatangaza. Stager alikuwa bado hai. Alifariki mwishoni mwa 2017.

Huko Yuda mtu wa heshima alizikwa kwenye pango la ukoo: mwili unalazwa juu ya benchi la mwamba, mwaka mmoja baadaye mifupa inakusanywa pamoja na ya mababu. Ndiyo maana ya "akalala na baba zake". Wafilisti wa Ashkeloni walichimba shimo la mtu, wakamlaza, wakafukia, wakamwacha. Wengi wako peke yao. Kuna waliochomwa na majivu yao kuwekwa mtungini, na kuna waliojengewa vyumba vya mawe ya kuchonga, lakini kaburi la kawaida ni shimo na mchanga. Wengine wana bangili na hereni, mmoja alikuwa na vichwa vya mishale kando ya mwili. Kinachorudi tena na tena ni kichupa kidogo cha udongo karibu na uso, na wachimbaji wanaamini kilikuwa na mafuta ya manukato. Marashi. Walimwekea marehemu marashi puani.

Niliposoma hayo nilikuwa ndani ya daladala, na nilipitiliza kituo.

Sasa twende barabarani. Mwishoni mwa karne ya 7 KK Ashkeloni ulikuwa tajiri, ukiegemea Misri. Watu wa Stager walifukua mtaa wake wa biashara karibu na bahari, na ukiutazama mchoro wake unaweza kutembea ndani yake. Kuna jengo kubwa lenye mashinikizo ya divai, sakafu zake zimepigwa plasta, maji ya zabibu yakitiririka kutoka jukwaani kwenda kwenye visima vidogo vya kukingia. Kuna safu ya maduka. Moja lilikuwa la nyama, mifupa bado iko. Moja lilikuwa la divai, na kigae chenye wino kimehesabu vipimo vya divai nyekundu na vya kileo kikali, yaani ni daftari la duka. Na katika mtaa huo huo walikuta mawe ya mizani na vipande vya mizani yenyewe. Mji wa kupima uzito ulikuwa bado unapima.

Mama alikuwa na mizani iliyokuwa imepinda kidogo upande mmoja. Watu wa vipimo walipopita aliificha chini ya gunia na kuuza kwa mafungu. Nimefikiria sana ni nani aliyewakagua wale wa Ashkeloni.

Palikuwa pia na marundo ya ngano iliyoungua. Wataalamu wa mimea ya kale hawakuishia kwenye ngano, wakaangalia mbegu za magugu zilizochanganyika nayo, kwa sababu magugu hayasemi uongo juu ya shamba yalikoota. Wakaona baadhi ya ngano ile ilitoka vilima vya Yuda. Yaani kule ambako manabii walikuwa wakiuombea mji huu uwe ukiwa, mkulima alikuwa akipakia punda magunia, anashuka nao pwani, anapima, anapokea fedha yake na pengine anapandisha mtungi wa divai. Sefania alishaandika kwamba Ashkeloni utakuwa ukiwa na kwamba mabaki ya Yuda watalala katika nyumba zake jioni. Mkulima yule huenda alikuwa ameshalala humo mara kadhaa, kwa kulipia.

Kisha ikaja Desemba ya mwaka 604 KK. Kibao cha udongo cha Babeli kilichopo London, kilichochapishwa na Donald Wiseman mwaka 1956, kinaeleza kwamba mwaka wa kwanza wa Nebukadreza, mwezi wa Kislevu, mfalme alikwenda Ashkeloni. Kibao kimechubuka pale penye jina, lakini wengi wamelisoma hivyo na udongo wenyewe umekubaliana nao. Aliuteka, akamkamata mfalme wake, akauteka nyara, akaugeuza kilima cha magofu. Kila mahali walipochimba hadi tabaka hilo, Stager na wenzake walikuta moto: matofali yaliyoiva, mitungi iliyopasuka, dari zilizoangukia sakafu.

Katika duka moja walimkuta mwanamke. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi. Alikuwa amelala kati ya vyombo, na fuvu lake lilikuwa limepondwa. Stager aliona kwamba alijaribu kujificha kati ya mitungi ya akiba. Sijui zaidi juu yake kuliko hayo, na sitaki kumtungia jina. Ila naujua mkao ule. Mwaka ambao mgambo walivamia meza za wachuuzi, mama alijibana kati ya magunia ya vitunguu, nami nikiwa nimekaa juu ya moja, nikaagizwa nisimwangalie. Waliondoka na nyanya za jirani. Kwa mama kilichopotea ni kiatu kimoja.

Kislevu ni mwezi wa tisa wa Kiyahudi. Ukifungua Yeremia 36:9 unakuta mwaka wa tano wa Yehoyakimu mfalme wa Yuda, mwezi wa tisa, Yerusalemu wote wametangaziwa kufunga mbele za Bwana. Sura haisemi kwa nini. Kama ukihesabu miaka ya wafalme kama wafanyavyo wataalamu wengi, ni mwezi ule ule. Ashkeloni uko mwendo wa siku mbili tu kutoka Yerusalemu. Baruku, karani wa Yeremia, anasimama hekaluni kusoma gombo la Yeremia kwa watu waliofunga. Gombo linapelekwa kwa mfalme, naye amekaa katika nyumba ya wakati wa baridi, mkaa unawaka mbele yake. Kila zikisomwa safu tatu nne, anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Nimesoma sura hii tangu utoto kama habari ya mfalme mkaidi. Leo naona mtu anayeota moto wakati jirani yake anaungua, na anachoma karatasi inayomwambia wewe ndiye unayefuata.

Kwa hiyo habari za Ashkeloni zilitangazwa katika njia za Yerusalemu. Mstari wa Daudi uligeuzwa kichwa chini. Na kama kuna binti za Yerusalemu waliopiga vigelegele siku hiyo, walikuwa wamebakiwa na miaka kama kumi na minane kabla mji wao wenyewe haujaungua.

Wana wa mfalme wa mwisho wa Ashkeloni, aliyeitwa Aga, tunawakuta Babeli. Vibao vya posho za mafuta vya karibu mwaka 592 KK vinaorodhesha wana wawili wa Aga, na vibao vya mkusanyo huo huo vinamtaja Yekonia mfalme wa Yuda na wanawe watano. Walikuwa foleni moja, wanapimiwa mafuta na karani yule yule. Yuda wakarudi, angalau wengine wao. Wafilisti hawakurudi, waliyeyuka huko wakawa watu wa Babeli, na hakuna aliyewaandikia Zaburi ya 137 yao, ya kulia kando ya mito ya Babeli.

Mji ulirudi bila wao. Wafoinike waliukaa chini ya Uajemi, na hao wakaacha fumbo ambalo bado linabishaniwa: makaburi ya mbwa zaidi ya elfu moja, wengi watoto wa mbwa, kila mmoja amelazwa kwa upole ubavu kwenye shimo lake, mkia umekunjwa kati ya miguu. Stager alifikiri ni ibada ya uponyaji. Wengine hawajashawishika. Mimi ninachojua ni kwamba hakuna anayemkunja mkia mbwa aliyemtupa.

Wakaja Wayunani na Warumi, na vitunguu. Hapa mama angefurahi. Vitunguu vya Ascalon vilisifika hadi Ulaya, waandishi Strabo na Plinio waliviandika, na Kilatini kikaviita kwa jina la mji. Kutokana na jina hilo Wafaransa na Waingereza wakapata majina yao ya vile vitunguu vidogo vyekundu vinavyouzwa ghali kwenye maduka makubwa. Mama aliviita vitunguu vilivyoshindwa kukua, akaviweka fungu la nyongeza.

Zama za Kiislamu mji uliitwa Asqalan. Wapiganaji wa msalaba waliuzingira mwaka 1153, miezi saba, mpaka ukawafungukia. Sultani Salahuddin aliurudisha 1187, lakini 1191, mfalme Richard wa Uingereza akikaribia, akaamuru ubomolewe usije ukawafaa maadui. Richard akaujenga upya. Mapatano ya 1192 yakataka ubomolewe tena. Sultani Baybars wa Misri akamaliza kazi mwaka 1270, hata bandari ikafukiwa. Baada ya hapo palibaki mchanga, bustani, kijiji cha al-Jura kando ya magofu, na mji wa al-Majdal uliojulikana kwa wafumaji wake. Watu wa al-Jura walikimbia vita vya 1948; wa mwisho wa al-Majdal walihamishiwa Gaza mwaka 1950. Vitanda vya mfumi vikahama tena.

Aliyechimba hapo mara ya kwanza kwa mpango hakuwa profesa. Mwaka 1815 Lady Hester Stanhope, mpwa wa aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza William Pitt, alifika na ruhusa ya Waosmani na karatasi ya zamani iliyosema kuna dhahabu chini ya msikiti. Dhahabu haikuonekana. Alipata sanamu kubwa ya marumaru, ya shujaa asiye na kichwa. Akaamuru ivunjwe vipande vipande, ili isisemwe amekuja kuiba mali za watu kupeleka kwao. Nimejaribu kumkasirikia mama huyu nikashindwa. Sababu yake ilikuwa ya heshima na kitendo chake cha kichaa.

Na sasa jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Majirani zetu Tanga walikuwa nyumba ya Maalim, ukuta wetu na wao ni mmoja. Jioni tukiwa uani tunafanya mazoezi ya kukimbia kama Wafilisti, upande wa pili wanafunzi wakubwa wa Maalim walikuwa wanasomeshwa hadithi za Mtume, na jina moja lilikuwa linarudi kila siku, refu, lenye mdundo, nikalishika bila kulijua maana: Ibn Hajar al-Asqalani. Mwanachuoni mkubwa, alizaliwa Kairo mwaka 1372 na kufa 1449. Al-Asqalani maana yake ni mtu wa Asqalan. Mji ulikuwa umeshabomolewa karne moja kabla hajazaliwa. Ni ukoo wake uliobeba jina, kama watu wanavyoendelea kujiita Wapangani wakiwa wamezaliwa Dar es Salaam.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mtoto mkubwa wa Maalim. Nikamwamkia, nikampa pole za siku nyingi, nikamwomba kama kile kitabu cha Maalim bado kipo. Akasema kipo, jalada limeliwa na mchwa kidogo. Nikamwomba anipigie picha ya jina la mwandishi.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe na kitabu cha mzee wapi na wapi?"

Nikamwambia natafuta mtaa wa watu ninaowafahamu.